Kibali cha swala Marekani kwa mgeni wa jimbo: Wyoming, Montana au ranchi ya kulipia?

Mnyama mmoja, jimbo moja, bei tatu. Kwa mwindaji anayetoka nje ya jimbo, Wyoming hutoza dola 34 kwa kibali cha swala jike au mtoto, dola 326 kwa kibali cha dume, na dola 1,200 kwa kibali hichohicho cha dume ukitaka kuingia katika droo (kura ya kugawa vibali) yenye waombaji wachache. Mkazi wa Wyoming mwenyewe hulipa dola 37 kwa dume. Ukishuka Texas, droo haikusumbui sana mradi una pesa, na pesa yenyewe ni maelfu.

Swala huyu ni pronghorn, yule wa nyika za magharibi mwenye mgongo wa kahawia, ubavu mweupe na pembe zenye panda. Wataalamu hawamhesabu kuwa swala hasa. Ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Hukimbia karibu kilomita 90 kwa saa, lakini uzio wa waya humshinda. Badala ya kuruka, hulala chini na kupenya chini ya waya. Kumbuka jambo hilo siku utakapokuwa unatafuta pa kumvizia, kwa sababu palipo na uzio ndipo palipo na njia zake.

Watu wetu walioko Omaha, Des Moines, Dallas au Denver wakianza kuulizia uwindaji huu, swali la kwanza huwa ni bei ya kibali. Ningependa waanze na jingine: ukishapata kibali, utasimama kwenye ardhi ya nani? Aliyetoka Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, huenda hajawahi kuliwaza swali hilo. Aliyetoka Tanzania anajua habari ya vitalu: serikali hugawa kitalu kwa kampuni, na mgeni hununua safari nzima, mwindaji bingwa na kambi vikiwemo. Huku magharibi mwa Marekani vitu hivyo vimetenganishwa. Mnyama ni wa umma na jimbo ndilo linalotoa kibali. Ardhi ina mwenyewe, ambaye anaweza kuwa serikali ya shirikisho, jimbo, au mzee mwenye ng'ombe asiyetaka kumwona mtu. Kibali bila ardhi hakikufikishi popote.

Mgeni kulipishwa mara tisa ya mkazi kunawaudhi wengi, lakini kesi hiyo ilishakwisha. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika shauri lililohusu leseni za Montana, kwamba jimbo linaweza kumtoza mwindaji wa nje zaidi ya mkazi wake. Kinachoweza kukusaidia ni kuhama. Montana hukuhesabu mkazi baada ya siku 180, Colorado baada ya miezi sita, Wyoming baada ya mwaka mzima. Kama kazi inakupeleka huko hata hivyo, subiri.

Wyoming: bei rahisi, ramani ngumu

Ningeanzia hapa, kwa sababu hakuna jimbo lenye swala hawa wengi kuliko Wyoming na ndilo linalotoa vibali vingi kwa wageni. Mgao wa mgeni ni kama moja ya tano ya vibali. Unaomba kwenye mtandao kabla ya Juni, unalipa ada ya maombi ya dola 15 pamoja na bei nzima ya kibali, na matokeo hutoka mwezi huohuo wa Juni. Ukikosa, bei ya kibali hurudishwa; zile 15 zimekwenda. Ukipata, ongeza stempu ya uhifadhi ya dola 21.50.

Katika droo ya dume, asilimia 75 ya vibali huenda kwa wenye pointi nyingi, yaani alama anazojikusanyia mwombaji mwaka hadi mwaka ili asogee mbele kwenye foleni, na 25 huchezeshwa kwa bahati. Pointi moja kwa mwaka huuzwa dola 31. Bei ya dola 1,200, iliyokuwa 614 hadi ilipopandishwa 2024, inakununulia foleni fupi zaidi tu: asilimia 40 ya vibali vya wageni hutengwa kwa wanaolipa hivyo. Mnyama, eneo na tarehe havibadiliki. Kwa anayewinda mara ya kwanza naona ni pesa ya kutupa. Iweke kwenye petroli.

Shida ya Wyoming ni kwamba urahisi wa droo na urahisi wa ardhi havikai pamoja. Mashariki, kuelekea Gillette na Douglas, vibali hupatikana kwa urahisi, wakati mwingine bila pointi hata moja, kwa sababu sehemu kubwa ni ranchi za watu. Magharibi, kuelekea Rawlins na Rock Springs, ardhi ya shirikisho imetanda hadi upeo wa macho, na kila mtu analijua hilo, kwa hiyo pointi zinahitajika. Idara ya wanyamapori ya jimbo haifichi jambo hili. Maelezo ya maombi huonya kuhusu maeneo ambayo ardhi ya umma ni taabu kuifikia. Soma onyo hilo kabla hujatazama asilimia za droo. Ukiona eneo lenye vibali vilivyobaki tele, usidhani wenzako hawakuliona.

Kusini mwa jimbo, kandokando ya reli inayopita hukohuko Rawlins na Rock Springs, kuna ukanda uliogawanywa kama ubao wa drafti. Ni masalio ya reli: kuanzia 1862 serikali iliipa kampuni ya reli viwanja vya maili moja ya mraba kwa kurukaruka, kimoja chake, kinachofuata cha umma, maili 20 kila upande wa njia. Viwanja vya kampuni viliuzwa kwa wenye ranchi. Leo unaweza kusimama kwenye kiwanja cha umma, ukaona swala kwenye kiwanja kingine cha umma kilichogusana na chako kwa kona tu, na usijue kama mguu wako ukivuka ile kona umevunja sheria.

Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri waliijaribu sheria hiyo chini ya mlima Elk. Mwaka mmoja kabla walikuta konani nguzo mbili zimeunganishwa kwa mnyororo na vibao vya kukataza. Safari hii walikuja na ngazi ya chuma waliyoitengeneza wenyewe, wakaipanga juu ya kona, wakapanda upande huu na kushuka upande ule bila kukanyaga udongo wa ranchi. Walishtakiwa kwa jinai, wakaachiliwa. Mwenye ranchi akawafungulia kesi ya madai kwa hoja kwamba walikatiza anga ya shamba lake. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwapa wawindaji haki, ikitumia sheria ya 1885 inayokataza watu kuzungushia uzio ardhi ya umma, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri. Uamuzi huo unashika katika majimbo sita: Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas na Oklahoma. Kwa mgeni mwenye kibali cha dola 326 na simu yenye ramani ya mipaka, ekari nyingi zilizokuwa zimefungwa zimefunguka. Lakini ruhusa ni ya kukanyaga umma kwenda umma, kwa miguu, palepale konani. Ukikosea kwa mita kumi, umeingia shamba la mtu.

Kama hutaki mambo ya kona, jimbo lina mpango wake wa kuwalipa wenye mashamba ili wawaruhusu wawindaji. Maeneo mengine unaingia kwa miguu bila kuomba, mengine unachukua kibali cha bure mtandaoni. Mwenye ranchi naye anaweza kukutoza ada ya kuingia: mia kadhaa za dola kwa dume, na pungufu kabisa kwa jike kwa sababu anataka majike yapungue kwenye majani yake. Mpigie mapema, wakati wa kiangazi. Ukipiga simu wiki ya msimu utakuta nafasi zimejaa.

Kuhusu zile dola 34: majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 yaliua swala wengi sana, hasa upande wa Pinedale ambako ugonjwa wa mapafu nao uliwakuta wakiwa wamedhoofika, na jimbo likapunguza vibali kwa maelfu. Vya majike havijawa vingi kama zamani. Bado vipo, hasa mashariki.

Montana: kibali kigumu kidogo, ardhi yenye karatasi

Hapa kibali cha mgeni ni dola 205, lakini kabla hujakiomba lazima ununue leseni za msingi za jimbo, kwa hiyo jumla haitofautiani sana na Wyoming. Mwisho wa kuomba ni Juni 1. Mgeni hutengewa si zaidi ya asilimia 10 ya vibali. Pointi zake huzidishwa kwa zenyewe: mwenye pointi tatu anahesabiwa tisa, mwenye tano ishirini na tano. Mpya bado ana tiketi yake ndani ya chungu, na hilo linanipendeza kuliko foleni ya Wyoming.

Kinachoinua Montana ni ule mpango unaoitwa Block Management, ulioanza 1985, unaofungua ekari milioni kadhaa za mashamba binafsi kwa wawindaji bila malipo. Kwenye baadhi ya mashamba unafika langoni, unakuta kisanduku cha mbao juu ya nguzo. Ndani yake kuna kalamu na fomu. Unajaza jina, nambari ya leseni na ya gari, unatumbukiza kipande kimoja, kingine unabaki nacho, unaingia. Mashamba mengine unampigia mwenyewe na kuweka nafasi. Kwa mtu mwenye lafudhi ya kwetu asiyependa kubisha hodi kwenye nyumba za watu asiowajua, kile kisanduku ni faraja kubwa, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Kona za Montana ziache. Jimbo liko chini ya mahakama nyingine ya rufaa, na maafisa wake wanasema kuvuka kona bado ni kosa.

Anayetoka Minneapolis atafika mashariki ya Montana kwa barabara kuu moja tu. Anayetoka Omaha, Casper ya Wyoming iko kama kilomita 1,000. Anayetoka Denver yuko Casper baada ya kilomita 450 hivi. Umbali huo utakula pesa nyingi kuliko tofauti ya bei za vibali, kwa hiyo kati ya majimbo haya mawili ningechagua lililo karibu na nyumbani.

Kwa ufupi, bei za 2025

| Jimbo | Mgeni analipa nini | Kibali kinapatikanaje | Ardhi |
|---|---|---|---|
| Wyoming | dume $326 au $1,200. Jike $34 | droo na pointi. Vibali vilivyobaki, Julai | magharibi nzuri, mashariki ranchi |
| Montana | $205 juu ya leseni za msingi | droo, mgeni hadi 10% | mashamba yaliyofunguliwa na jimbo |
| Colorado | karibu $500, na leseni ya kuombea karibu $100 | droo na pointi, mapema Aprili | mashariki binafsi kwa wingi |
| Arizona | leseni $160, kibali $565 | droo, mgeni hadi 10% | ya umma, nzuri |
| Texas | leseni $315, na bei ya ranchi | kwa mwenye ranchi | karibu yote binafsi |

Majimbo yaliyobaki

Colorado inawavutia wengi kwa sababu ya ndege za bei nafuu kwenda Denver. Mimi hainivutii. Bei iko juu, leseni ya kuombea haikurudishii kitu, na ardhi iliyowekwa wakfu kwa shule za jimbo, ambayo Wyoming unaingia kuwinda bila maswali, huko imefungwa isipokuwa ile iliyoingizwa kwenye mpango maalumu. Ukiishi Denver miezi sita, hesabu hubadilika.

Arizona na Nevada ni za mwenye subira ya miaka mingi. Arizona lazima ununue leseni ya dola 160 ndipo uombe, kila mwaka, upate au usipate. Madume yao ni makubwa na wanaofukuzia pembe wanajua wanachofanya. Anayetaka nyama asipoteze muda.

New Mexico haina pointi kabisa: kila mwaka wote huanza sifuri. Lakini mgawo ni asilimia 84 kwa wakazi, 10 kwa walioajiri mwongozaji na 6 kwa mgeni anayejitegemea, na fedha zote hulipwa mbele. Kuna mlango wa pembeni: ukiwa na ruhusa ya maandishi ya mwenye ranchi, leseni ya shamba binafsi hununuliwa bila droo. Hapo ulichonunua hasa ni ruhusa, na bei yake anaipanga mwenye ranchi.

Texas imekamilisha mfumo huo. Idara ya jimbo huwahesabu swala kutoka angani, kisha inampa mwenye ardhi vibali, naye anakuuzia. Wako Trans-Pecos, magharibi kabisa ya jimbo, na Panhandle, ile ncha ya kaskazini. Zaidi ya asilimia 95 ya jimbo ni ardhi ya watu binafsi, kwa hiyo usitegemee kuzunguka na gari ukitafuta pa kuingia. Tayarisha elfu tatu kwenda juu, mara nyingi mwongozaji akiwemo. Leseni ya siku tano ya mgeni haimhusu swala. Lazima ile ya dola 315. Anayeishi Dallas au Houston ni mkazi, leseni yake ni nafuu, lakini bei ya ranchi ni ileile.

Safari ya kuongozwa hata Wyoming huanzia elfu mbili na kitu. Siibezi. Mtu mwenye siku tatu za likizo, asiye na bunduki wala gari la kupita kwenye tope, anaweza kuona ni nafuu.

Nyama

Jike hutoa kama kilo 14 za mnofu, dume kama 17. Watu wawili wakitoka Omaha kwa gari moja, petroli kama dola 200, malazi ya siku tatu kama 300, ada za serikali kama 70 kila mmoja kwa jike: kila mmoja anatumia kama 320, yaani takribani dola 23 kwa kilo. Hiyo haiko mbali na bei ya mbuzi katika maduka ya halali ya miji mingi. Kwa dume la droo ya kawaida inakuwa kama 36. Kwa ranchi ya Texas usipige hesabu hiyo kabisa. Mkilala kwenye hema juu ya ardhi ya shirikisho, malazi ni bure.

Nyama hii imesingiziwa kuwa inanuka majani. Inayonuka ni ile iliyozungushwa kwenye gari na ngozi yake, mchana wa Septemba. Swala huwindwa kukiwa bado na joto, na manyoya yake mazito hushika joto la mwili. Mchune palepale alipoangukia. Ngozi hutoka kwa urahisi ikiwa bado moto: chana kuanzia magoti ya nyuma, vuta kwa ngumi badala ya kisu, usiache manyoya yaguse mnofu kwa sababu hunyofoka na kuganda. Fungua mapaja, weka mifuko ya barafu katikati, funika kwa kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa. Kabla ya yote hayo, kata tarehe kwenye kibali chako na ukifunge kwenye mnyama. Askari wa wanyamapori huanza na hilo.

Kwa Waislamu, wengi hupiga bismillahi wakati wa kufyatua na kuchinja wakimkuta hai. Suala la risasi muulize sheikh wako kabla ya safari, sio ukiwa nyikani.

Viza na bunduki

Hili ndilo linaloweza kukuharibia maisha, na wauzaji wa safari hawalitaji. Sheria ya shirikisho inamkataza aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi au mfanyakazi, kushika bunduki au risasi, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa hiyo leseni kwanza, bunduki baadaye, hata ya kuazima, hata ya mazoezi. Mwenye kadi ya kijani hahusiki na kizuizi hicho. Asiye na hadhi halali haruhusiwi kabisa, na mwenye kesi ya hifadhi isiyoamuliwa amwone wakili wa uhamiaji kabla hajagusa chochote. Upinde si silaha ya moto katika sheria hiyo, na Wyoming msimu wa upinde hufunguliwa katikati ya Agosti, wakati swala wanakuja kwenye maji kila siku. Ukikaa ndani ya kibanda cha kitambaa kando ya bwawa la ng'ombe, wanafika umbali wa hatua ishirini.

Cheti cha mafunzo ya uwindaji kinahitajika pia: Wyoming kwa aliyezaliwa 1966 na kuendelea, Colorado kwa aliyezaliwa 1949 na kuendelea. Kilichotolewa jimbo moja hukubaliwa mengine. Masomo yapo mtandaoni, na baadhi ya majimbo hutaka siku ya vitendo, kwa hiyo kifanye wakati wa baridi.

Wyoming, wawili au zaidi wanaweza kuomba kama kundi. Pointi zao hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi yao. Mwenye pointi nne akimchukua mpwa wake asiye nayo, wote wanaingia na mbili. Kwa vibali vya majike mashariki haina madhara, viombeni pamoja. Kwa dume upande wa Rawlins, mwenye pointi aombe peke yake na mpwa aje kumsaidia kubeba. Droo ikiwanyima wote, orodha ya mabaki hutoka Julai na anayewahi ndiye anayepata. Kabla ya kubonyeza, mpigie kwanza mwenye ranchi mmoja ndani ya eneo hilo umwulize kama anapokea watu mwaka huu.